Wimbo wa Bomba Linalokohoa

"Hili sikio," alisema yule kijana, akiligonga kwa kidole kama muuzaji anayesifia tairi jipya, "halijawahi kupitwa na sauti. Sindano ya dada ikianguka juu ya godoro, mimi nitakwambia imetangulia ncha au tundu."

Dada yake hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Alikuwa na pini mdomoni na gauni la mteja mapajani, na mteja mwenyewe alikuwa amekaa palepale akisubiri, kwa hiyo majigambo hayo hayakukosa hadhira.

"Basi likuambie vijiko vyangu vimekwenda wapi," alisema dada, pini zikimcheza mdomoni. "Leo asubuhi shemeji yako amekoroga chai kwa mpini wa uma."

Kijana akalivuta begi lake taratibu kwa kisigino, akaliingiza chini ya kiti. Begi likasema kling. Mteja akageuka kutazama barabarani, mabega yakimtikisika.

Kijana huyu aliitwa Sikio, jina alilopewa na mtu mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Lakini alilitangaza kwa bidii mpaka mtaa ukachoka kubisha. Alikuwa amemaliza sekondari na matokeo ya kuridhisha, maana yake yeye aliridhika. Gitaa alilipiga vizuri, hilo hata maadui zake walikubali, na ni hilo gitaa lililomfikisha kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani, mama mmoja wa sauti ya chini asiyependa kurudia neno.

"Nakupa darasa la nne," mwalimu mkuu alimwambia. "Kipindi cha muziki, baada ya mapumziko. Lakini sitaki uwafundishe wimbo wako wauimbe kama kasuku. Nataka wajifunze kutunga wao, kwa makundi, na wapige wao. Siku ya mkutano wa wazazi kila kundi litasimama mbele. Wakiweza, kipindi kinabaki kwenye ratiba na wewe unabaki nacho. Wasipoweza, kinakwenda kwa mwalimu wa hisabati."

Sikio alitoka ofisini humo kifua mbele, na kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshawaambia watu wote njiani kwamba ameajiriwa. Habari za majaribio hakuzigusa. Dada yake alifurahi mpaka akamshonea shati la kola, la mwalimu kamili, lenye mfuko mpana kifuani. Sasa fikiria mtu anarudi mtaani na shati kama hilo kuwaambia watu kipindi kimekwenda kwa hisabati. Angeanza kutembea kwa kupitia nyuma ya nyumba.

Huyo mwalimu wa hisabati watoto walimwita Mwalimu Kipeo, kwa sababu hakuna siku aliyomaliza somo bila kupandisha namba fulani kwenye kipeo fulani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye chaki nyuma ya sikio, na kosa lake pekee lilikuwa kufundisha chumba cha pili. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu wa upande huu akipiga chafya, wa upande ule humtakia afya.

Kipindi cha kwanza Sikio aliingia na gitaa. Akakaa juu ya meza, akafumba macho, akapiga kipande kirefu chenye madoido mengi, akamalizia kwa kutingisha kichwa. Alipofumbua macho alikuta watoto wawili wanachorana mikononi, mmoja amelala, na kijana mmoja mnene wa mashavu, aliyeitwa Bosi na wenzake wote, amenyoosha mkono.

"Ndiyo, Bosi. Una swali kuhusu muziki?"

"Mwalimu, zamu yetu inaanza saa ngapi?"

Darasa likacheka. Kwenye dawati la nyuma, mpwa wake Sikio mwenyewe alicheka kuliko wote. Huyu alikuwa binti wa dada, na nyumbani aliitwa Redio, kwa sababu jambo likifanyika mbele yake asubuhi, mchana mtaa mzima ulikuwa nalo. Sikio alimtolea macho. Redio akayapokea macho hayo, akayahifadhi kwa matumizi ya baadaye.

Gitaa likaingia kabatini na halikutoka tena.

Kipindi kilichofuata, Sikio alileta mzigo. Shemeji yake, mume wa dada, alikuwa fundi bomba, na nyuma ya nyumba alikuwa na vipande vya paipu za plastiki vya kila urefu. Ukichukua ndala na kuupiga mdomo wa paipu ndefu, inatoa sauti nzito kama mzee anayeguna. Paipu fupi hujibu kwa sauti nyembamba. Hilo likawa kundi la kwanza, kundi la Bosi. Kundi la pili lilipata ndoo kutoka kwa msafishaji wa shule, kwa ahadi kwamba zitarudi zikiwa na vitako vyake. Kundi la tatu, alimokuwa Redio, lilipata chupa zenye maji ya viwango tofauti, za kugongwa kwa vijiko. Vijiko vya nani, tusiulizane. Kundi la nne halikupewa kitu.

"Na sisi je?" wakauliza, nyuso zimewashuka.

"Ninyi mna midomo, mikono na miguu. Mmebeba vyombo vingi kuliko wote."

Wakajitazama mikono kana kwamba wameletewa sasa hivi kutoka dukani.

Sikio akachora visanduku ubaoni, mstari mmoja wa visanduku kwa kila kundi. "Kisanduku chenye nukta, piga. Kisanduku kitupu, nyamaza. Na kunyamaza ni kazi, si kulala. Kila mmoja kwenye kundi awe na nukta zake. Hakuna kundi lenye mtu asiye na kazi, wala hakuna kundi lenye mfalme. Bosi, unanisikia?"

"Nasikia, mwalimu. Lakini nani atawaambia waanze?"

"Mtatazamana."

"Tukitazamana tutacheka."

"Chekeni, halafu muanze."

Likabaki jambo la nini cha kutunga. Mmoja alitaka wimbo wa mpira, mwingine wa simba, mwingine wa mdogo wake aliyeng'oka jino. Palikuwa karibu kupigana. Ndipo nje, uwanjani, bomba la shule likakohoa.

Kila mtoto wa shule hiyo alilijua hilo bomba. Ukilifungua, kwanza linakohoa. Halafu linazomea upepo. Halafu linadondosha tone, tone, tone, kana kwamba linakufanyia hisani. Na ukishakata tamaa ukainama kuchungulia, ndipo linapofyatuka na kukulowesha mpaka soksi.

"Bomba," akasema Sikio, akipiga makofi. "Kila kundi litunge wimbo wake wa bomba. Nyimbo nne, bomba moja. Nendeni kwenye pembe zenu."

Pembe zenyewe zilikuwa nne za chumba hichohicho. Uwanjani hawakuweza kwenda, maana dirisha la Mwalimu Kipeo lilitazama huko. Kwa hiyo paipu, ndoo, chupa na midomo vilianza kazi pamoja, ndani ya chumba kimoja, na kelele zake zingeweza kuamsha chaki kwenye boksi.

Hapo Sikio alifanya jambo aliloliona la kitaalamu kabisa. Alikwenda kwenye kundi la paipu, akainama katikati yao, akaelekeza sikio la kulia kwao, na sikio la kushoto akaliziba kwa kidole, ili asisikie makundi mengine. Akamaliza, akaenda kwa ndoo, kidole sikioni. Akaenda kwa chupa, kidole sikioni. Aliwasikiliza hivyo kila kipindi, kundi kwa kundi, na kidole hicho kilikuwa na bidii kuliko mwalimu wake.

Na watoto walikuwa wanafanya kazi, usifanye mchezo. Kundi la paipu lilijenga kikohozi cha bomba, mguno mzito mara mbili halafu mwepesi mmoja, na Bosi alijifunza jambo gumu kuliko hisabati zote, yaani kusubiri. Alikuwa na nukta moja tu kwenye mstari mzima. Siku za mwanzo alipiga nukta za wenzake pia, mpaka binti mmoja mdogo wa kundi lake akamkalia ndala.

"Nirudishie ndala yangu."

"Zamu yako ikifika."

"Nitajuaje imefika wakati ndala umekalia?"

"Utaniona nimesimama."

Ikawa hivyo. Bosi akaanza kumtazama binti huyo kuliko alivyowahi kutazama ubao, na siku alipoingia kwenye nukta yake palepale, kwa usahihi, aliruka akagonga goti kwenye dawati na akacheka huku anachechemea.

Kundi la ndoo lilitunga maji yanavyojaa, polepole kwa ncha za vidole, halafu viganja, halafu ngumi. Kundi la midomo lilitunga foleni. Walikuwa na maneno yao waliyoyagombania vipindi viwili: "Ngoja kidogo, usisukume, linakohoa, ngoja kidogo." Kundi la chupa lilitunga matone, na hao ndio waliokuwa na taabu, maana kijiko kwenye chupa hakiwezi kushindana na ndoo. Redio alilalamika.

"Mwalimu, hatusikiki."

"Mimi nawasikia," alisema Sikio, kidole sikioni.

Redio alimtazama, akaona hapo hakuna msaada, akaenda mwenyewe kwenye pembe ya ndoo na pembe ya paipu wakati Sikio ameinama kwa midomo. Walinong'ona. Wakarudi makwao. Kuanzia siku hiyo mambo yalitulia kidogo chumbani, na Sikio alifurahi sana, akajisemea kwamba watoto wameanza kuogopa macho yake.

Jioni alipokuwa akiwasimulia nyumbani, hakuweza kukaa. Alisimama katikati ya sebule akigonga kiti, meza na bega la shemeji.

"Wanatunga, shemeji. Watoto wadogo hivi. Jana hawakujua kuhesabu mpaka nne bila kugombana, leo wananyamaza pamoja. Unajua ugumu wa kunyamaza pamoja?"

"Najua," alisema shemeji, akisogeza bega. "Hapa nyumbani hatujaweza."

Alipoulizwa kama makundi yameshafanya mazoezi kila moja peke yake, mengine yakiwa kimya, Sikio alicheka. Muda hautoshi, alisema. Na ya nini? Yeye ameshalisikia kila kundi peke yake, kwa njia yake. Aligusa sikio.

Siku ya mkutano, wazazi walijaa kwenye ukumbi, ambao ulikuwa vyumba viwili vilivyotolewa ukuta wa mbao. Walikalia madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Dada alikuja na sentimita yake ya kupimia nguo shingoni, kaisahau. Shemeji alikuja moja kwa moja kutoka kazini, spana mfukoni, akakaa nyuma akiwaeleza majirani kwamba paipu zile ni mali yake. Mwalimu Kipeo alisimama mlangoni, mikono kifuani. Mwalimu mkuu alikaa mbele.

Sikio, ndani ya shati la kola, aliwakaribisha kwa hotuba ambayo ingeweza kuwa fupi zaidi. Halafu akasema, "Kundi la kwanza, paipu."

Bosi na wenzake wakasimama mbele. Wakatazamana. Wakacheka kidogo. Wakaanza.

Guu, guu, gi. Vizuri. Dada akatabasamu.

Halafu kimya.

Kimya kirefu. Kundi zima limeinua ndala hewani, limeganda, macho yote yametazama kushoto. Halafu guu moja. Halafu kimya tena, macho sasa kulia. Halafu gi, upweke, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ya watu waliohama. Mzazi mmoja akaanza kupiga makofi akidhani umekwisha, mwenzake akamshika mkono. Bosi akapiga nukta yake, na ikatua katikati ya ukimya kwa kishindo, mpaka mwenyewe akashtuka.

Jasho lilianza kumtembea Sikio chini ya kola. "Wana woga," aliwaambia watu, akicheka bila kupumua. "Turudie, vijana. Msisimame katikati. Endeleeni."

Wakarudia. Guu, guu, gi. Kimya. Na kwenye kimya hicho, kutoka benchi la chupa, ikasikika: ting.

Sikio akageuka kama aliyeumwa na siafu. Akaweka kidole mdomoni. Watoto wa chupa wakatazama dari. Kimya cha pili kilipofika, benchi la ndoo likasema du-du. Akawageukia hao. Nyuma yake: ting, ting. Safari hii alimwona. Redio, kijiko mkononi, uso umetulia kama maji ya chupa yake.

Sikio alivuka ukumbi kwa hatua ndefu, akamnyang'anya kijiko, akakitia kwenye mfuko wa shati.

"Zamu yenu bado," alimnong'oneza kwa meno. "Unataka kuniua mbele ya mama yako?"

"Lakini pale ni petu, mjomba."

"Pale ni pa paipu. Kaa kimya."

Alirudi mbele akitabasamu. Paipu wakaanza tena, wakafika kwenye kimya, na safari hii hawakuendelea kabisa. Ndala zilibaki juu. Zikashuka moja moja.

"Nini tena?" Sikio aliuliza.

"Tunasubiri chupa," alisema Bosi.

"Chupa si kundi lenu."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini ndipo wanapoingia."

Ukumbi ukaguna. Mwalimu mkuu alishusha miwani yake, akaikunja, akaiweka mapajani, na Sikio aliyaona maisha yake yote ya kupita nyuma ya nyumba yakijipanga mbele yake. Kipindi kimekwenda. Shati litakuwa la kuchumia mboga.

"Samahani," ikasema sauti kutoka mlangoni.

Alikuwa Mwalimu Kipeo. Sikio akafumba macho. Huyu naye amekuja kuchukua kilicho chake.

"Samahani, mwalimu mkuu, naomba kuuliza. Hii ni nini wanapiga?"

"Ni wimbo wao wa bomba, mwalimu," alisema mwalimu mkuu.

"Hapana," alisema Mwalimu Kipeo. "Hii ni robo. Mimi wimbo huu naujua. Nausikia kila siku baada ya mapumziko, ukutani kwangu, tena mzima." Akatazama chini, masikio yamemwiva. "Nasahihisha madaftari kwa mdundo wake."

"Unausikia vipi?" aliuliza mwalimu mkuu.

Basi mwalimu wa hisabati, mtu mzima, mrefu, mkavu, akatoa mikono kifuani, akaigonga fremu ya mlango. "Guu, guu, gi. Halafu ting. Guu, halafu du-du, ting, ting. Na wakati huo kuna wale wanaosema, ngoja kidogo, usisukume." Alisema usisukume kwa sauti ya kitoto, bila kukusudia. "Robo tatu ziko wapi?"

Watoto wa darasa la nne walipiga kelele zote pamoja. Walikuwa wamezibana kwa muda mrefu. Kila mmoja alitaka kueleza: kwamba chupa zilikuwa hazisikiki, kwamba Redio alikuja kuomba nafasi, kwamba paipu waliwapa chupa visanduku vitupu na ndoo wakaombwa nao, kwamba midomo waliona wenzao wananyamaza wakaamua kuimba hapohapo, na kwamba sasa kundi moja likisimama peke yake linakuwa kama bomba lisilo na maji.

Mwalimu mkuu aliinua mkono. Wakanyamaza, pamoja, kwa mara moja, na Sikio hata katika hofu yake aliona ulikuwa unyamavu mzuri.

"Huwa mnakaaje?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Kwenye pembe," alisema Redio.

"Basi nendeni kwenye pembe."

Hawakungoja aseme mara ya pili. Madawati yalisogezwa na wazazi wakiwa bado wamekaa juu yake. Paipu wakaenda pembe ya mlangoni, ndoo dirishani, chupa nyuma, midomo mbele, na wazazi wakajikuta katikati, wakigeuza shingo kama kuku kwenye tenga. Redio alisimama mbele ya chupa zake mikono mitupu, akamtazama mjomba, akautazama mfuko wa shati. Mjomba hakuona kitu. Shemeji akachomoa spana ndogo mfukoni, akamrushia bintiye. Aliidaka.

Walitazamana, pembe kwa pembe, juu ya vichwa vya watu wazima. Wakacheka kidogo. Wakaanza.

Guu, guu, gi, upande wa mlangoni. Ting, nyuma. Vichwa vikageuka. Guu. Du-du, dirishani. Vichwa vikageuka. Ting, ting, na spana ile ilitoa mlio mkali na safi ambao kijiko hakikuwahi kuutoa. "Ngoja kidogo," wakaanza wale wa mbele, kwa kunong'ona, wakikanyaga sakafu. "Usisukume." Bomba lilikuwa linakohoa mle ndani. Ungeweza kuliona. Bosi alisimama ndala juu, hapumui, macho kwa yule binti mdogo, nukta ya kwanza ikapita si yake, ya pili si yake, binti akasimama, naye akashusha. Guuu.

Ilitua pale penyewe, na ukumbi mzima uliisikia mgongoni.

Ndoo zikaanza kujaa. Ncha za vidole, viganja. Matone yakaongezeka. "Linakohoa, linakohoa," foleni ilipanda sauti, watoto wakisukumana kwa mabega kwa kipimo, mzazi mmoja akasukumana nao. Dada alikuwa ameshika sentimita kwa mikono miwili, mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu kama ulivyozoea kukanyaga cherehani, na haukukosea. Mlangoni Mwalimu Kipeo alikuwa anahesabu, midomo ikimwenda, na kila alipofika alipopatarajia, alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu sawa na la kitabu. Viganja vikawa ngumi. Paipu zote, chupa zote, ndoo zote, miguu yote, sauti inazunguka chumba kama kitu kilichopoteza mlango.

Halafu kimya. Pembe zote nne.

Hata Sikio, aliyekuwa ameshika ukuta, alisahau kuogopa.

Ting.

Tone moja, la Redio. Na likafyatuka: watoto wote wakapiga kila walichonacho, wakapiga ukelele, na wazazi wa katikati wakainua mikono kujikinga na maji ambayo hayakuwepo.

Makofi yalichukua muda. Yalipopungua, mwalimu mkuu aliinuka, miwani usoni.

"Nilisema kila kundi lisimame lenyewe," alisema. "Nilikosea. Kipindi kinabaki. Mwalimu wa hisabati una neno?"

"Kibaki palepale kilipo," alisema Mwalimu Kipeo. "Nikikihamisha sitamaliza kusahihisha."

"Na wewe fundi," mwalimu mkuu alimgeukia shemeji, "tulikuita ulitazame lile bomba."

"Nitalitazama, mwalimu," alisema shemeji. "Lakini nikilitengeneza watoto wataimba nini?"

Watu wakacheka, na katikati ya vicheko mwalimu mkuu alimwegemea Sikio. "Ulipanga hivi tangu mwanzo?"

Sikio alitabasamu tabasamu la mtu asiyependa kujisifu, jambo ambalo hakuwa na mazoezi nalo. Hakusema ndiyo. Ila kichwa chake kilishuka na kupanda, na mwenye kichwa hakukizuia.

Kesho yake baada ya masomo, kwenye kibanda cha dada, kichwa hicho kilikuwa kimeshapata maneno. Mteja wa gauni alikuwa amerudi kwa kupunguziwa kiuno, majirani wawili wamesimama mlangoni, na Sikio, shati la kola mwilini, alikuwa amefika mbali.

"Sasa mimi nawaona watu wamekata tamaa," alisema. "Nawaacha. Najua ninachofanya. Nawatoa paipu peke yao kwa makusudi, ili wazazi waonje pengo kwanza. Ndio ufundi wenyewe. Mpaka yule mwalimu wa hisabati akashindwa kuvumilia, na hapo ndipo nilipomtaka."

"Na hizo nyimbo nne ulijuaje kwamba ni moja?" aliuliza mteja.

"Nilizisikia. Siku ya kwanza kabisa, chumba kinapiga kelele, mtu mwingine angesikia vurugu. Mimi nikasikia wimbo mmoja. Hili sikio, dada yangu, si la kuazimwa."

Cherehani ya dada ilikuwa inakwenda, taka-taka-taka, ikimsindikiza vizuri. Redio aliingia kutoka shule, begi mgongoni. Akasimama kidogo akisikiliza, kama mtoto mwenye adabu. Halafu akamsogelea mjomba wake, akaingiza vidole viwili kwenye mfuko wa shati, akatoa kijiko.

"Mama, kijiko chako hiki. Mjomba alininyang'anya jana nilipogonga ile ting, ting. Alisema nataka kumuua mbele yako."

Majirani wakasogea ndani.

"Huyu mtoto..." alianza Sikio.

"Halafu, mjomba," aliendelea Redio, kwa upole kabisa, "hiyo siku ya kwanza ulisikia kwa sikio lipi? Maana la kushoto ulikuwa umeliziba kwa kidole. Siku zote ulikuwa umeliziba. Tulikuwa tunakuiga mapumziko."

Akaonyesha. Akainama, akakunja uso kitaalamu, kidole kikazama sikioni.

Dada akaondoa mguu kwenye cherehani, na cherehani ikanyamaza. Mteja akanyamaza, majirani wakanyamaza, wote pamoja, vizuri kabisa, macho yote yamemgeukia kijana mwenye shati la kola. Palikuwa ni pake pa kuingia. Akafungua mdomo, na mkono wake wenyewe, kwa mazoea, ukaanza kupanda taratibu kuelekea sikio la kushoto.